Mgeni Aliyefika Jana

Sogeeni karibu, na mwenye chungu jikoni akiepue kabisa kisije kikaungua, maana nchi tunayokwenda haina haraka ya kumrudisha mtu. Inaitwa Fikalini. Katika ramani haimo, na wenyewe wanasema kosa ni la ramani.

Bi Nyamvula aliingia Fikalini asubuhi moja, kanga kaifunga kibwebwe, mkononi kashika kikapu cha visheti. Namna alivyovuka si jambo la kusimulia. Alisinzia upande huu, akaamka upande ule, na vumbi la miguuni lilikuwa limebadilika rangi. Alichokijua ni kimoja tu. Dada yake, Bi Mwanasiti, aliyeolewa huko tangu nywele zao zingali nyeusi, alikuwa amemletea salamu kwa kinywa cha muuza mikeka. "Mwambie Nyamvula macho yangu yanafunga dirisha. Aje nimwone uso kabla hayajatia komeo."

Basi. Hakusema aje na nini. Na Bi Nyamvula, ambaye kwao alisifika kwa ubishi, mtu wa kubishana hata na kivuli chake kwamba kimekaa upande usiofaa, safari hii hakubisha. Alikaanga visheti, akafunga mlango, akaondoka.

Mpakani alikuta jumba kubwa la rangi ya manjano, manjano ya ndizi iliyoiva ikapitiliza, hata nzi walikuwa wakiuzunguka ukuta kwa matumaini. Juu ya mlango palichorwa mbayuwayu mwenye mabawa wazi. Ndani alikaa karani mwenye tabasamu. Lilikuwa tabasamu lisiloshuka. Karani alipopiga chafya lilibaki palepale, na Bi Nyamvula akayaonea huruma mashavu yale kama mtu anavyomwonea huruma punda aliyesahauliwa na mzigo mgongoni.

Akauliza njia ya Kisimani, kijiji alikoolewa dada yake. Karani akamweleza kwa upole kwamba njia ipo, tena nzuri, ila watu hawaipiti. Katika Fikalini hakiendi kitu isipokuwa kwa Posta, na mtu naye ni kitu. Kutembea kwa miguu yako mwenyewe ni sawa na kujigongea muhuri: ni kughushi, na wapo waliofungwa.

"Mimi naenda kwa dada yangu," akasema Bi Nyamvula.

"Ndivyo tunavyosema, bibi. Tutakutuma."

Wakampandisha mizani. Karani akauliza ndani ya mzigo mna nini.

"Uji wa asubuhi," akajibu Bi Nyamvula, "na hasira kidogo."

Karani akaandika: vimiminika. Akamgonga muhuri wa mbayuwayu nyuma ya kiganja, akamvika shingoni karatasi yenye uzi iliyoandikwa DHAIFU, USIPINDUE. Bi Nyamvula akaisoma polepole, akasema laiti marehemu mume wake angepewa karatasi hiyo siku ya harusi. Karani hakucheka zaidi ya alivyokuwa akicheka tayari. Tena tangu muhuri ule ulipokauka hakumjibu neno. Bi Nyamvula alipouliza Kisimani atafika lini, karani alimgeukia mwenzake akasema, "Huu unatikisika, tazama kama umefungwa vizuri." Maana sheria ya Fikalini iko wazi: mzigo hausemi. Ukisikika sauti, ni mtikisiko.

Aliyempokea pale alikuwa mtu mzima wa mabega mapana, koti la manjano, vifungo vya dhahabu, mkononi bendera. Jina lake Vuai, cheo chake Balozi wa Mzigo. Kazi yake ilikuwa kutembea mbele ya mzigo na bendera, bila kuugusa. Naye alitaka kuzungumza, hilo lilionekana, lakini kwa kuwa balozi haruhusiwi kuzungumza na mzigo, alikuwa akiitazama barabara na kuiambia barabara mambo ambayo Bi Nyamvula aliyasikia kwa bahati nzuri.

Akaiambia barabara kwamba zamani Posta ya Fikalini ilikuwa na alama ya kobe, kobe mwenye gunia mgongoni. Yeye Vuai alikuwa mchukuzi siku hizo. Walikwenda na mizigo vichwani, wakipiga pembe kwenye kila njia panda, na kweli walichelewa. Mvua iliwanyea, mito iliwazuia, mbwa waliwajua kwa majina. Lakini mchukuzi alipofika mlangoni jasho lilikuwa likidondoka sakafuni, na mwenye nyumba alijua kitu kimefika kwa sababu alilazimika kupiga deki.

Watu wakalalamika juu ya kuchelewa. Ndipo wakaletwa wataalamu wa sura. Wataalamu wakakaa, wakanywa kahawa nyingi, wakasema: tatizo si kwamba mnachelewa. Tatizo ni kwamba watu wanawaona mnavyochelewa. Basi kobe akafutwa, akachorwa mbayuwayu. Likaundwa Baraza la kuamua mbayuwayu atazame mashariki au magharibi, na wakati Baraza linakaa, magunia ya mbegu yaliyokuwa ghalani yakaota, yakatambaa, yakazaa maboga ndani ya Posta. Maboga yakaandikwa katika taarifa ya mwaka kuwa ni huduma mpya.

"Na sisi wachukuzi tukapandishwa vyeo," Vuai akaiambia barabara, akinyoosha koti. "Tukawa mabalozi. Sasa balozi, kama unavyojua wewe barabara, habebi kitu kichwani. Atakidhalilisha cheo."

"Kama ninyi hambebi, anabeba nani?" akauliza Bi Nyamvula.

Upepo ukaipeperusha bendera ikampiga Vuai usoni.

"Hilo kamati yake bado," akaanza, kisha akajiziba mdomo akaangaza huku na huku. Neno lile lilikuwa limefutwa kwa sheria katika majengo na barabara zote za Posta. Fikalini hapana bado. Kuna tayari kwa namna yake.

Wakaingia mahali palipoitwa Nyumba ya Safari. Bi Nyamvula akadhani ametoka nje, maana aliona milima. Milima ya samawati ilikuwa ikipita polepole kushoto na kulia, na mawingu juu yake yakielea kama pamba iliyochambuliwa. Alikaa katika benchi akaona mashamba yanapita, vijito vinapita, mbuzi mmoja mweupe anapita akitafuna. Usingizi mtamu ukaanza kumlegeza shingo. Mbuzi yule mweupe akapita tena, akitafuna lile lile. Bi Nyamvula akanyoosha mkono akaugusa mlima. Ulikuwa turubai. Mwisho wa ukumbi wafanyakazi wenye tabasamu walikuwa wakizungusha mpini, na kuta zote za turubai zikizunguka, ili mizigo iliyokaa isijione imekaa.

Na mizigo ilikuwa mingi. Palikuwa na magunia ya barua yaliyokaa mpaka barua zikajifunza kunong'onezana. Ukitega sikio ulisikia salamu zikipeana salamu, pole zikipeana pole, na mwaliko mmoja wa sikukuu ukieleza kila siku kwamba watu wanangojewa. Palikuwa na vikapu, vitanda, kinu na mchi wake. Na karibu na Bi Nyamvula alikaa mzee mwenye ndevu nyeupe aliyevaa joho la harusi, joho lililokuwa jeupe zamani na sasa lina rangi ya chai. Jina lake Songoro. Alikuwa bwana harusi.

Bi Nyamvula akamkaribisha kisheti, akamwuliza harusi ni lini.

"Ilikwisha," akasema Bwana Songoro kwa utulivu. "Nimeshafika mimi, bibi. Tazama kioo."

Ukutani, mahali ambapo milima haikupita, palitundikwa kioo cha mviringo, ukubwa wa sinia la pilau. Kila nyumba Fikalini ilipewa kioo cha namna ile, na maneno ya Posta hutokea juu yake kama mvuke wa pumzi. Bwana Songoro akamwonyesha jina lake: amefika, amepokelewa kwa furaha.

"Mke wangu ananisifu sana," akaendelea. "Anasema sikoromi, sigombi, nguo sichafui. Nasikia na watoto wanaotaka kuoa wanaambiwa wawe kama mimi."

"Na wewe uko hapa."

"Mimi niko hapa." Akakitafuna kisheti kwa uangalifu wa mtu aliyesahau utamu. "Mwanzo nilitaka kwenda. Siku hizi naogopa. Nikitokea pale mlangoni na ndevu hizi, si nitamharibia mume wake?"

Bi Nyamvula akamwongezea kisheti kingine. Akakumbuka macho ya dada yake. Akainua kichwa kukitazama kioo na kuona kimemwandikia habari zake: mzigo wa Kisimani unapita milimani, unapigwa na upepo mwanana, una furaha.

"Furaha gani," akasema.

Mfanyakazi aliyekuwa karibu akaikaza karatasi ya shingoni mwake.

Hapo pazia likafunguliwa upande wa juu wa ukumbi, na Baraza likaingia. Walikaa katika viti virefu mbele ya mizigo yote, kwa sababu taratibu zilitaka mjadala ufanyike mbele ya wahusika. Mkuu wa Posta alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye sauti kama maziwa ya uvuguvugu. Walianza na mkia wa mbayuwayu. Mjumbe mmoja aliona panda za mkia zimekuwa ndefu mno na zinamfanya ndege aonekane ana wasiwasi. Mwingine akasema panda fupi zitamfanya aonekane kifaranga. Wakavutana kwa heshima, milima ikiwazunguka, mbuzi akipita, mpaka wakakubaliana kwamba mkia uwe mrefu ukitazamwa kwa mbali na mfupi ukitazamwa kwa karibu, na fundi atafutwe.

Kisha Mkuu akasimama. Akasema anayo furaha kuleta mbele ya Baraza Huduma ya Kufika Mapema.

Akaeleza. Wamefanya utafiti, wamegundua kwamba mpokeaji hafurahi pale anaposhika mzigo. Anafurahi kabla ya hapo, pale anapoambiwa umefika. Akishaushika huanza kuupekua, akaona hili limevunjika, lile si rangi aliyoitaka. Furaha yote imo katika habari. Kwa hiyo habari itangulie. "Nawaulizeni, waheshimiwa," akasema, "baada ya habari kwamba mzigo umefika, mzigo wenyewe unaongeza nini?"

Hata barua ziliacha kunong'ona.

"Unaongeza visheti," akasema Bi Nyamvula.

Wajumbe wakatazamana. Wakatazama dari, wakatazama chini ya meza.

"Nasema unaongeza visheti. Na pua. Na mkono wa kumshika mgonjwa. Dada yangu hakuagiza habari zangu, anazo tangu tuzaliwe. Kaagiza uso."

Mkuu aliinamisha kichwa kwa masikitiko ya kweli. Akasema huo ndio ushahidi, mtikisiko wa namna hiyo huwaudhi wapokeaji, na ni afadhali mpokeaji aepushwe nao. Baraza likapiga makofi. Kwa kuwa mzigo wa Kisimani umejitokeza wenyewe, huduma ianze kwa huo. Kioo kikatia ukungu, ukungu ukajipanga ukawa maneno, na Bi Nyamvula akayasoma kwa elimu yake ya kalamu na ubao: umefika Kisimani, umepokelewa kwa furaha.

Bwana Songoro akampa mkono wa pongezi.

Bi Nyamvula aliketi, na moyo ukaketi chini zaidi. Aliliona dirisha la macho ya dada yake likishuka, na ndani ya lile giza watu wakimwambia dada: si huyo, kafika. Akaona jinsi atakavyozeeka katika benchi lile akisifiwa Kisimani. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni akataka kulia hadharani.

Kisha ubishi wake ukamrudia, nao ulikuja kwa sura ya swali dogo. Kama mimi nimefika, aliyekaa hapa nani?

Akaikata karatasi ya shingoni. Hakuna aliyemzuia. Akasimama. Akaupita mlima, akampita mbuzi, akawapita waliozungusha mpini. Mlangoni mlinzi aliinua mkono, akatazama kioo chake, akaushusha. Kazi yake ni kuzuia mizigo iliyomo njiani isitoke, na mzigo huu haumo njiani. Umefika. Na kama si mzigo wala si mtu aliyeingia kwa ruhusa, basi pale mlangoni hapana kitu. Mlinzi akalipisha hilo pengo kwa adabu, hata akalifungulia mlango.

Bi Nyamvula akageuka mara moja. Bwana Songoro alikuwa bado katika benchi, kisheti mkononi, akiutazama mlango uliofunguliwa kama mtu anayetazama picha. Akampungia. Naye akapunga, lakini hakuinuka.

Nje alimkuta Vuai, bendera imekunjwa. Balozi ambaye mzigo wake umefika hana kazi, akasema, safari hii akimwambia yeye na si barabara. Na kwa kuwa hana kazi hakuna anayeweza kumwambia asitembee. Ila njia ya Kisimani hakuikumbuka tena. Miaka hii yote alikuwa akiuzunguka ukumbi na bendera.

Walisimama pale kama wajinga wawili. Ndipo Bi Nyamvula alipoliona jiwe pembezoni mwa majani, limepakwa manjano, na rangi imebambuka. Chini ya manjano palikuwa na kobe mwenye gunia mgongoni, kichwa kakielekeza bondeni. Mbele kidogo jiwe jingine, na kobe mwingine. Wachukuzi wa zamani waliwachora kuonyesha njia, na wapaka rangi walikuwa na haraka.

Basi wakawafuata kobe. Na hapo, nyinyi mnaosikiliza, muamini au msiamini, ile nchi ilikuwa na usingizi ndani yake, na vitu vyake havikukaa kama vyetu. Ukiwakodolea macho kobe wale hawakusogea. Ukigeuza shingo kutazama ndege au wingu, ukirudi unakuta kobe amekwisha kupiga hatua, na wewe umo nyuma. Walipita katika mashamba ya maboga ya serikali, wakapita katika kijiji ambacho watu walikuwa barazani wakivipongeza vioo vyao, wakavuka kijito ambacho maji yake yalikwenda taratibu kama yanakumbuka kitu. Hakuna aliyewaona. Aliyefika haonekani njiani.

Usiku uliwakuta njiani wakalala, na kesho yake jua lilikuwa limeinama walipoingia Kisimani. Kobe wa mwisho alichorwa kwenye kizingiti cha nyumba yenye dirisha kubwa la magharibi, na mlangoni alisimama mwanamke kijana, Zaituni, mke wa mtoto wa Bi Mwanasiti.

"Shikamoo, bibi," akasema Zaituni. "Kama umekuja kumwona mgeni, karibu. Ila usipite karibu na kiti, kachoka na safari."

"Marahaba. Mgeni gani, mwanangu?"

"Mdogo wake mama mkwe. Bi Nyamvula. Kafika jana."

"Na ni mtu wa namna gani?"

"Mpole mno. Tangu aingie hajasema neno baya."

Hapo Bi Nyamvula akajua kwa yakini kwamba hajafika.

Akaingia. Chumba kilikuwa na majirani mkekani, wamekuja kumwamkia mgeni. Ukutani kioo, na juu yake maneno ya furaha. Katikati ya chumba palikuwa na kiti cha mbao, kimetandikwa kanga mpya, na mbele yake sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, vimepoa. Majirani walikuwa wakikiuliza kiti habari za huko, kisha wakikubali kwa vichwa. Na kitandani, ameegemea mto, uso kaugeuzia kiti, alikaa Bi Mwanasiti.

Zaituni alieleza kwa kunong'ona. Tangu jana mama anazungumza na mgeni. Mwanzo alicheka, akamkumbusha mambo ya kisimani kwao na nani alimsukuma nani majini. Baadaye akaanza kuuliza mbona hajibu. Leo hajauliza, anatokwa na machozi tu. Wamemwambia asihuzunike, mgeni yupo, kioo kimesema. Akasema haoni mtu. Wakamwambia kioo hakina mtoto wa jicho, mama, wewe unao.

Bi Nyamvula akasogea katikati ya majirani. Akaangalia dada yake alivyodhoofika, akaangalia kile kiti kilichosifiwa. Akainama, akamega wali kwa vidole viwili, akauonja.

"Wali huu kapika nani?" akasema. "Mbona chumvi imetumwa kwa Posta?"

Majirani wakaguna kwa aibu. Lakini kitandani Bi Mwanasiti alikuwa ameinua kichwa.

"Nani huyo anayekitukana chakula changu?"

"Mtu mwenye ulimi, Da Siti."

"Nyamvula."

"Labeka."

Bi Mwanasiti aligeuza uso huku na huku, kutoka kwenye kiti kwenda kwenye sauti. "Mbona uko mahali pawili?"

"Kitini simo. Nilikusukuma mimi, pale kisimani. Kiti hakijui."

Basi hapo pakazuka tafrani ya chini kwa chini, ya watu wenye adabu. Majirani wakasimama. Zaituni akakitazama kioo, akamwuliza Balozi Vuai, aliyekuwa amesimama mlangoni, kama ni kweli kioo kitachukuliwa. Vuai akakiri kwa kichwa kilichoinama kwamba sheria ndiyo hiyo: mzigo mmoja haupokelewi mara mbili. Nyumba itakayoonekana imepokea mara mbili itanyang'anywa kioo, na balozi wake atavuliwa koti. Zaituni akasema kioo kile ndicho kinachomletea habari za mumewe aliye mbali. Kikiondoka ataishi vipi? Akamtazama Bi Nyamvula, si kwa ubaya, akamwomba aende zake. Mgeni waliye naye anawatosha.

Bi Nyamvula akamtazama dada yake. Nje jua liliendelea kushuka, na mwanga wa dirishani ulikuwa umefika kwenye ukingo wa kitanda.

Bi Mwanasiti alikuwa ameubana mdomo. Na walioishi naye walijua kwamba mdomo wake ukikaa vile, kuna mtu atakayepata hasara.

"Bwana Balozi," akasema. "Mzigo usiompendeza mwenyewe, anaruhusiwa kuurudisha?"

"Anaruhusiwa, bibi. Kurudisha ndiyo huduma yetu ya haraka kuliko zote."

"Basi huyo wa kitini namrudisha kwa mtumaji. Tangu jana hali, hasemi, hacheki, hata salamu haitikii. Mimi niliagiza Nyamvula. Hamkuniletea."

Vuai alifikiri. Akatafuta katika sheria mahali pa kukataa, hakupaona. "Na huyu aliyesimama?"

"Huyu anasema. Ninyi si mlitangaza mizigo haisemi? Basi huyu si mzigo. Hayakuhusu."

Vuai akatazama kioo, akatazama koti lake na vifungo vyake. Kisha akaikunja ile bendera ya manjano, akaizungusha vizuri ikawa ngata, akaiweka kichwani. Akakiinua kiti pamoja na kanga yake na uzito wote wa mgeni mpole aliyekuwemo, akajitwika. Magoti yakakumbuka. Uso wake, ambao Bi Nyamvula alikuwa hajauona ukibadilika safari nzima, ukatoka jasho, na tabasamu alilofundishwa likadondoka, likaja jingine lililokaa upandeupande. Majirani wakakisindikiza kiti mpaka uani kwa heshima, wakikiaga, wakikitakia safari njema. Kabla Vuai hajavuka kizingiti kioo kilikuwa kimeandika: mzigo wako umerudi salama kwa mtumaji, una furaha. Zaituni akashusha pumzi. Kioo kilikuwa chake, na nyumba haikuwa na kosa.

Naye Vuai walimsikia mbali, penye njia panda. Pembe hakuwa nayo, alikuwa akipiga kwa mdomo.

"Sogea dirishani," akasema Bi Mwanasiti.

Bi Nyamvula akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mwanga wa mwisho ukampiga usoni. Dada yake akamshika kidevu, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, kama mtu anayenunua papai.

"Umezeeka."

"Na wewe ulidhani utaona nini?"

"Meno umeyapeleka wapi?"

"Yametangulia. Kula kisheti, Da Siti, kabla hakijalainika."

Bi Mwanasiti hakula. Alikuwa akitazama. Alitazama kovu la nyusi, akatazama ndewe za masikio, akatazama ule mdomo uliokuwa haujawahi kukaa kimya na sasa umekaa kimya. Alitazama kwa pupa, kama mtu anayeteka maji ya kisima kinachokauka. Jua likagusa miti, likapita katikati ya miti, likazama. Kivuli kikapanda kitandani. Zaituni akataka kuwasha taa, Bi Nyamvula akamwashiria aache, maana aliona yale macho hayakupepesa kivuli kilipowafikia. Yalibaki wazi, palepale, yamejaa.

Mkono wa dada ukapanda kutoka kidevuni, ukapita shavuni, ukatulia.

"Haya," akasema Bi Mwanasiti. "Sasa umefika."

Na hadithi nayo imefika. Asiyeipenda airudishe kwa mtumaji. Nasikia kurudisha hakucheleweshwi.